Vidonge Ishirini Ndani ya Koti la Fundi Saa

14 Januari

Kwa mtoto wa marehemu kaka yangu,

Hamjambo huko? Mimi nimefika mzima, ila magoti ya aliyekaa nyuma yangu yamenisindikiza mgongoni safari nzima. Kazini nimekuta mashine moja ya kupigia mashuka pasi imekufa, kwa hiyo wagonjwa wa hospitali nzima wanalalia makunyanzi na lawama zote ni zangu. Binamu yako anakusalimu. Nilimlazimisha.

Sasa sikiliza. Nilikaa kwenu siku nne, nikala chakula cha mama yako, nikakusikiliza ukijiita mkemia kwa sababu unauza sabuni ya maji kwa kipimo, na sikusema neno. Siku ya tatu, ulipokuwa dukani, nilifungua sanduku la bati lenye koti la baba yako. Juni iliyopita niliweka humo vidonge ishirini vya naftalini, kumi katika kila soksi, nikafunga soksi kwa uzi wangu mwekundu. Nimekuta soksi mbili, uzi wangu umekaa vilevile, na ndani hamna hata punje.

Sanduku lile nililizungushia mpira mwenyewe chini ya kifuniko. Ufunguo uko kwa mama yako na mama yako haligusi, anasema linamtia baridi. Amebaki nani humo ndani? Paka?

Baba yako alisema koti ni lako ukitimiza miaka ishirini na mmoja. Hiyo ni Desemba hii. Lakini aliyeachiwa kulilinda ni mimi, na mimi ndiye nitakayesema kama mikono yako inafaa kulishika. Binamu yako naye ana mabega.

Ulikuwa unatafuta nini mle?

Usinipigie simu, nitakata. Andika, ili siku ukikana niwe na mwandiko wako.

Shangazi yako


29 Januari

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo uko salama, anakusalimu kwa niaba yetu wote wawili. Paka tunaye, asante kwa kumuulizia. Mzee Mizani, bosi wangu, amenipandisha cheo: sasa nakaa upande wa dawa za wadudu, ambako hawaruhusiwi wajinga. Wateja wananiita Profesa. Najua utacheka. Cheka ukiwa umekaa, habari inayofuata ni ya kisayansi.

Shangazi, hakuna mwizi. Naftalini inapaa. Haiyeyuki kwanza ikawa maji, halafu yale maji yakawa mvuke, kama vitu vingine vyenye adabu. Yenyewe inatoka kwenye ugumu na kwenda moja kwa moja hewani. Hiyo harufu unayoisikia ukifungua kabati ni kidonge chenyewe kinaingia puani mwako, kidogo kidogo. Ndiyo maana uzi wako umekaa. Kidonge hakihitaji kufunguliwa fundo, kinapita kwenye matundu ya soksi na kwenda zake.

Na kwa kuwa ulinidharau mbele ya mama, nikumalizie somo. Wewe unaita naftalini, mama anaita dawa ya nondo, Mzee Mizani anaita mipira, na kuna bibi mmoja mteja wetu anaita kafuri, nikimsahihisha ananipiga kwa mkoba. Kafuri ni ndugu mwingine, hutoka kwenye mti, na ukiitia majini inaelea. Naftalini hutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na majini inazama. Ndani yake kuna kaboni kumi na hidrojeni nane, zimejipanga pete mbili zenye pembe sita, zimeshikana ubavu kama miwani. Jina lake la ukoo, lile la kwenye karatasi ya kiwandani, lina mabano, namba na nukta kama kitambulisho cha mfungwa. Nimelikariri. Sikuandikii, utalimaliza bure.

Haya yote nimeyasoma mimi, niliyeishia kidato cha pili. Sijui binamu huko chuoni anasoma nini.

Kwa hiyo kesi yako imepaa, Shangazi, kama vidonge vyako.

Profesa


11 Februari

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Shikamoo yako nimeiona. Nimeiweka pembeni.

Mwambie mama yako akande goti kwa maji ya moto, asisubiri daktari. Mashine bado ni mbovu. Tunapiga mashuka pasi kwa mkono, wanawake sita, na mmoja ni mjamzito nimemkalisha.

Nimefua nguo za watu miaka thelathini na moja. Naftalini nimeigusa kabla hujaota jino. Unanifundisha mimi kwamba inapaa?

Sikukuuliza vidonge vimekwenda wapi. Soma tena barua yangu, swali liko mstari gani.

Lakini kwa kuwa wewe ni Profesa, nifanyie kazi moja. Weka vidonge kumi kwenye sahani, wazi. Weka kumi kwenye kopo, kifuniko ukibane kabisa. Subiri wiki sita. Kisha niandikie ulichoona, bila kuongeza chumvi. Na osha mikono kabla ya kula, hiyo si pipi.

Shangazi


2 Aprili

Shikamoo Shangazi, na ile ya mwanzo bado nakudai itikio lake,

Goti la mama limepungua. Maji ya moto yamefanya kazi, nasikitika kusema.

Jaribio limekamilika. Sahani niliiweka dirishani mwa duka, jua linapopiga saa nne hadi saa nane. Mzee Mizani alilalamika siku mbili kwamba kichwa kinamuuma, siku ya tatu akahamisha kiti chake mlangoni, sasa anasema hewa ya pale ni nzuri na nilipaswa kumhamisha zamani. Kopo lilikuwa la kahawa, nikalibana kifuniko kwa gundi ya karatasi pande zote.

Matokeo: vidonge vya sahani vilianza na unene wa zabibu, leo hii vimebaki kama punje za dengu, na viwili sivioni kabisa. Nilivipima kwenye mizani kila Jumatatu nikaandika kwenye daftari, hesabu ninayo kama unataka. Vya kopo viko kumi na viko vilevile, nilipofungua ndani ya kifuniko nimekuta vipande vidogo vinang'aa kama vioo, ina maana ile iliyopaa ilikosa pa kwenda ikarudi kuwa ngumu palepale. Kitu kizuri hicho, Shangazi. Nilimwita hadi yule bibi wa mkoba akaangalia. Akasema kafuri ya siku hizi ina maringo.

Umeridhika? Naftalini ikiachwa inakwisha. Nimethibitisha kwa mizani, si kwa miaka thelathini na moja ya kunusa mashuka.

Sema samahani kwa maandishi, ili siku ukikana niwe na mwandiko wako.

Profesa


13 Aprili

Kwa Profesa,

Umefanya kazi safi. Sitanii, hata daftari umeandika.

Sanduku langu lina mpira chini ya kifuniko. Ni sahani au ni kopo?

Nitakujibia. Ni kopo. Vidonge vyangu vilipaswa kunisubiri miaka miwili. Vimekwisha kwa miezi saba, maana yake sanduku limekuwa wazi, na si mara moja wala mbili. Umenipimia mwenyewe kwa mizani ya Mzee Mizani.

Nimemwambia binamu yako ajiandae kulipokea koti Desemba. Amepima la mwenzake, mabega yanamtosha.

Shangazi


24 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo sitoi tena, umezirundika bila kuzijibu.

Mama mzima. Duka zima. Mvua imeingia stoo ikaharibu magunia matatu ya sabuni ya unga, stoo nzima ina povu, tulikuwa tunatembea kama tuko mawinguni. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya hilo povu na kwa sababu sikutaka.

Nimesikia binamu amepima mabega. Mwambie koti halivaliwi kwa mabega tu. Baba alikuwa anaweka lenzi ya kazi mfuko wa kulia wa juu, ukitia mkono utakuta bitana imechanika mahali pale lenzi ilipokuwa inagonga. Binamu ataweka nini pale? Kalamu? Siku baba amelazwa mara ya pili binamu alikuwa wapi? Wewe mwenyewe ulikuja umechelewa, ukaingia na ndoo.

Sijasema nilifungua. Sijasema sikufungua. Nilichofanya ni kukuwekea dawa mpya, tangu Januari hiyohiyo ulipoanza kelele, ili usiniite mharibifu. Nimeweka vidonge ishirini, vikubwa kuliko vyako. Kumi nimetoa kwenye chupa ya kushoto dukani na kumi kwenye chupa ya kulia, maana ya kushoto ilikuwa inakwisha. Nimevitia vyote mfuko mmoja wa kitambaa, nikauweka mfukoni mwa koti, juu, upande wa moyo, nikafunga na sijafungua tena mpaka leo. Kwa hiyo nondo hawatakula urithi wa binamu. Sema asante.

Mimi


3 Julai

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Naandika haraka, gari la posta linaondoka saa sita.

Kwa nini chupa mbili? Kwa nini bosi wako ana chupa mbili za kitu kimoja?

Nenda dukani sasa hivi. Chukua glasi, tia maji ya uvuguvugu, koroga chumvi mpaka chumvi ikatae kuyeyuka, ibaki chini. Tia humo kidonge kimoja cha chupa ya kushoto na kimoja cha chupa ya kulia. Naftalini kwenye maji ya chumvi nyingi hivyo inaelea. Kikizama, si naftalini. Kuna kitu kingine cheupe cha nondo, duara vilevile, kinauzwa rahisi, kina jina refu na ndani yake kuna klorini. Kila kimoja peke yake hakina neno. Lakini vikikaa pamoja vinayeyushana. Pale kazini kwetu ukutani tumeandika kwa herufi nyekundu: usichanganye nyeupe mbili. Joto la kawaida la chumbani linatosha, havihitaji moto, vinakuwa mafuta.

Kisha ufungue sanduku. Safari hii ninakuruhusu.

Shangazi


10 Julai

Shangazi,

Cha kushoto kimeelea. Cha kulia kimezama.

Nimesimama na ile glasi mpaka Mzee Mizani akaniuliza kama nasubiri samaki. Nikamuuliza chupa ya kulia ni nini. Akaniambia, "Si mipira hiyohiyo?" Nikageuza chupa, nikafuta vumbi, karatasi ipo: paradiklorobenzini. Ilikuwepo siku zote. Mimi ndiye ninayekaa upande wa dawa za wadudu, ambako hawaruhusiwi wajinga.

Nimefungua sanduku mama akiwa kwa jirani. Kile kitambaa kimelowa kama kilichotoka kukaangiwa, ndani vidonge vimeshikana vikawa donge moja lenye uteute. Mafuta yamepita mfukoni, yamepita bitana, yametokea mbele ya koti upande wa moyo. Doa lina upana wa kiganja changu, nimepima. Lina ukingo, kama ramani.

Sasa umeshinda, nakuandikia yote, uwe na mwandiko wangu.

Nililifungua. Kila Jumapili mama akienda kwa dada yake, kuanzia Juni ile ile uliyoondoka. Nilikuwa natoa koti naliweka kwenye henga dirishani, na sanduku naliacha wazi mchana wote, soksi zako zikiwa humohumo. Jioni nalirudisha. Sikulivaa. Sikuwa natafuta kitu mifukoni, kama unavyodhani.

Baba alikuwa ananuka mafuta ya saa, yale mepesi anayodondosha kwa sindano, na pipi za mnanaa. Hata akiingia gizani ungejua ni yeye. Siku ya kwanza nilipofungua sanduku niliweka uso kwenye kola nikakuta naftalini tu. Naftalini mbele, nyuma, kwenye mikono. Nikasema sawa, dawa hii inapaa, nimeisoma, basi niipe nafasi ipae. Ikiisha yote, chini yake atabaki yeye.

Hilo ndilo jibu la swali lako la mstari ule. Nilikuwa natafuta harufu yake.

Ilikuwa inapungua, Shangazi. Kufikia Desemba naftalini ilikuwa karibu kuisha kabisa. Kisha ukaja wewe, ukaondoka, ukaandika, nikaogopa, nikajaza tena. Nimeirudisha harufu kwa mkono wangu na nimemwagia na mafuta juu.

Mpe binamu. Lakini atalivaa na doa, na ukimuuliza doa ni la nini usimwambie.


30 Agosti

Kwa mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Karatasi tatu nimewashia jiko.

Mashine imetengenezwa. Yule mjamzito amejifungua mtoto wa kike, mkubwa, ana mashavu. Goti la mama yako lisiachwe.

Uliandika kwamba siku baba yako alipolazwa nilikuja nimechelewa nikaingia na ndoo. Ni kweli. Sasa nikueleze ya ndoo.

Siku ya tatu baada ya maziko, watu walipopungua, nililikuta koti lake nyuma ya mlango. Alikuwa amelivaa wiki zile zote za kuugua, alisikia baridi. Mikono yangu ni ya kufua tu, haijui kazi nyingine ya kufanya mtu akifa. Nguo ya mgonjwa inafuliwa. Nikalitia kwenye ndoo ileile. Maji ya vuguvugu, sabuni ya mche, kwa sababu sufu haipendi sabuni kali. Nililifua mara mbili. Maji ya pili yalipotoka safi ndipo akili ikanijia, nikaketi chini pale bombani nikalinusa likiwa limelowa. Hakuna mafuta ya saa. Hakuna mnanaa. Nilikuwa nimemmwaga kaka yangu kwenye mtaro.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulikuwa unazunguka nyumba unashikashika vitu vyake. Nikajua siku moja utaliweka koti usoni. Ndipo nikalikausha, nikalipiga pasi, nikatia vidonge ishirini. Sanduku moja kwa koti moja, vitano vinatosha na kubaki. Sikuviweka kwa ajili ya nondo.

Niliweka ili ukinusa usikie naftalini ukadhani yeye yuko chini yake.

Kwa hiyo usijilaumu kwa Jumapili zako. Hakukuwa na kitu cha kusubiri. Na nilipokuta soksi tupu mwezi wa kwanza, sikuogopa kwamba umeiba. Niliogopa kwamba umeshajua, na nikaona bora nikuite mwizi kwanza.

Doa linatoka. Tuna dawa ya kusafishia sufu bila maji, nitumie kwa posta nitalitoa bila alama. Lakini litatoka jipya, litanuka dawa yetu ya kazini na si kitu kingine. Amua wewe. Binamu yako nimemwambia atafute koti lake, amekasirika, ataponea hukohuko.

Shikamoo zako nimezihesabu, zilikuwa mbili kabla hujagoma. Marahaba. Marahaba.

Shangazi


29 Septemba

Shangazi,

Ya tatu sikupi bado. Nimekasirika. Nilisoma barua yako nikaikunja, nikaenda kazini, nikamuuzia mtu dawa ya mende badala ya sabuni ya vyombo, nikamkimbilia barabarani mpaka kona. Ungeweza kuniambia. Mwaka na miezi mitatu, Shangazi. Umenifanya nimsubiri mtu uliyekwisha kumsuuza, kisha ukaniita mwizi kwa barua zenye tarehe.

Koti sikutumii. Lile donge nilikwisha kulitupa. Koti nimelitundika dirishani siku zote, si Jumapili tu, na mama ameliona. Alisimama mbele yake kitambo, akaniambia nilisogeze lisipigwe na jua, akaenda kupika. Halimtii baridi tena, au hasemi.

Doa limebaki. Nimetia lenzi ya baba mfuko wa juu, inagonga palepale bitana ilipochanika. Linanitosha mabega, ila mikono ni mirefu kidogo. Mwaka ujao itanitosha.

Harufu nimefanya kama ulivyonifundisha, bila kuongeza chumvi. Niliinusa kola kila asubuhi nikaandika kwenye daftari. Siku ya kumi na tisa dawa zote mbili zilikuwa zimekwisha. Ulisema kweli, mafuta ya saa hakuna, mnanaa hakuna. Lakini si kwamba hakuna kitu. Nilimwita Mzee Mizani anuse, maana mimi sijiamini tena, akanusa mara mbili akasema, "Sabuni ya mche."

Basi ndivyo lilivyo. Nimerithi koti la baba yangu na linanuka mikono yako.

Desemba uje. Vidonge viache hukohuko.

Mwanao

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Shikamoo.